Utoro, Tumbo na Ukimya: Namna Uonevu wa Shuleni Unavyowaumiza Vijana Wetu

Kila mwaka ifikapo Januari, kundi jipya la vijana huingia Kidato cha Kwanza katika shule za sekondari za kata zetu. Wengi wao wametoka katika shule za msingi ambako walikuwa wakubwa kuliko wanafunzi wengine wote, na sasa wanafika mahali ambapo wao ndio wadogo kuliko wote. Wamekusanyika kutoka vijiji na mitaa mbalimbali, hawajuani, na waliowatangulia huwaita “njuka”. Wiki chache baadaye baadhi ya wazazi huanza kuona mambo wasiyoyazoea. Kijana aliyeipenda shule analalamika tumbo kila Jumatatu asubuhi. Daftari jipya limepotea, na pesa ya chakula haitoshi tena. Kisha mwalimu wa darasa analeta taarifa ya utoro. Nyumbani neno la kwanza linalotamkwa ni “uvivu”, na dawa ya kwanza inayotafutwa ni fimbo.

Somo la toleo hili linamwomba mzazi, mlezi na kila mkazi wa kata azingatie uwezekano mwingine kabla ya kutoa hukumu. Mara nyingi uonevu wa shuleni hauingii nyumbani kwa jina lake. Huingia umevaa nguo za utoro, ugonjwa, hasira au kushuka kwa alama. Asiyeutambua humwadhibu mtoto kwa kosa alilotendewa na wengine, na hivyo kijana huyo hukosa kimbilio la mwisho alilokuwa amebaki nalo. Kuujua uonevu na athari zake ni hatua ya kwanza ya kumwokoa.

Uonevu ni nini, na si nini

Mwanasaikolojia Dan Olweus, aliyeanza kuuchunguza uonevu wa shuleni nchini Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuendelea na kazi hiyo nchini Norway, aliubainisha kwa mambo matatu. Kwanza, ni tendo la makusudi la kumuumiza au kumdhalilisha mwingine. Pili, hurudiwa mara kwa mara. Tatu, nguvu za pande mbili hazilingani, kiasi kwamba anayetendewa hawezi kujitetea kwa urahisi. Nguvu hizo si za misuli peke yake. Mmoja anaweza kumzidi mwenzake kwa umri, kwa kidato, kwa cheo cha ukiranja, kwa fedha za nyumbani kwao au kwa wingi wa marafiki.

Watu wa nchi hii tunayo njia nyepesi ya kuielewa tofauti iliyopo kati ya mzaha na uonevu, kwa sababu tumelelewa katika desturi ya utani. Mhehe na Mngoni hutaniana, na Mchaga na Mpare hali kadhalika. Mtani anaweza kukutolea maneno ambayo yangetoka kwa mtu mwingine yangekuwa tusi. Lakini utani una masharti yake. Kila upande una haki ya kujibu, wote wawili hucheka, na siku ya msiba mtani huyohuyo ndiye anayekuja kuhudumu na kuwatuliza wafiwa. Pale ambapo mmoja hucheka na mwingine hulia, ambapo mmoja husema na mwingine haruhusiwi kujibu, na ambapo siku ya shida anayedhihaki huongeza dhihaka, hapo hakuna utani. Ni uonevu uliojificha nyuma ya jina jema. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Vilevile uonevu si ugomvi. Vijana wawili wenye nguvu sawa wanaweza kugombania mpira, wakapigana, na kesho wakacheza pamoja. Hao wanahitaji usuluhishi. Anayeonewa hahitaji kusuluhishwa, kwa maana hakuna alichogombania. Anachohitaji ni kulindwa. Tofauti hii ina uzito mkubwa katika hatua tutakazozitaja baadaye.

Sura zake katika shule zetu

Uonevu una sura nyingi. Upo wa mwili: kupigwa, kusukumwa, kufungiwa chooni, kupigishwa magoti na wanafunzi wa vidato vya juu. Upo wa mali: kupokonywa nauli, sabuni, kalamu au chakula. Upo wa kazi: mwanafunzi mdogo wa bweni kulazimishwa kufua nguo za mkubwa, kumtekea maji au kumwandikia kazi za darasani. Upo wa maneno: jina la kudhalilisha linalohusu umbo, rangi ya ngozi, ulemavu, umaskini wa wazazi, lafudhi au kabila. Na upo ule usioacha alama yoyote, yaani kumtenga mtu, kumnyima kampani, na kusambaza uvumi juu yake mpaka akae peke yake darasani na njiani.

Siku hizi umeongezeka uonevu wa mtandaoni. Picha iliyopigwa kwa siri au maneno ya kashfa huwekwa katika kundi la ujumbe wa simu, na kwa dakika chache darasa zima limeyaona. Zamani aliyeonewa shuleni alipumzika alipofika nyumbani. Sasa uonevu humfuata hadi kitandani, na hata asiyekuwa na simu husimuliwa na wenzake kesho yake.

Tatizo hili si la kata moja wala la taifa moja. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019, iliyokusanya takwimu za nchi 144, ilionyesha kwamba karibu mwanafunzi mmoja katika kila watatu alikuwa ameonewa na wenzake angalau mara moja katika mwezi uliotangulia. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2020 Alhamisi ya kwanza ya Novemba huadhimishwa duniani kuwa siku ya kupinga ukatili na uonevu shuleni.

Athari katika mwili

Mzazi anapoambiwa na kijana kwamba tumbo linauma, akampeleka zahanati na vipimo vikaonyesha hana malaria wala minyoo, asiharakishe kusema kwamba mtoto ni mwongo. Hofu ya kila siku ni mzigo wa mwili pia. Mwili unaoishi katika hadhari hutoa homoni za kuukabili mkazo, mapigo ya moyo huongezeka, usagaji wa chakula huvurugika na usingizi hupungua. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba watoto na vijana wanaoonewa wana uwezekano wa angalau mara mbili zaidi ya wenzao kupata maumivu ya aina hii: kichwa, tumbo, mgongo, kizunguzungu na kukosa usingizi. Maumivu hayo ni ya kweli ingawa chanzo chake hakionekani katika darubini ya maabara.

Dalili ya kuangaliwa ni mpangilio wa maumivu. Tumbo linalouma Jumapili jioni na Jumatatu asubuhi, likapona Ijumaa mchana na kutulia likizo nzima, linasema jambo fulani kuhusu shule.

Athari katika masomo

Mwanafunzi anayeonewa hukaa darasani huku nusu ya akili yake ikihesabu dakika zilizobaki kabla ya mapumziko. Anafikiri ni njia gani ataitumia kurudi nyumbani. Hanyooshi mkono kujibu swali, kwa kuwa jibu lake likiwa sahihi ataitwa mwenye kujidai, na likiwa na kosa atachekwa. Hivyo mwalimu humdhania kuwa mzito wa kuelewa. Siku za kukosa shule zikiongezeka, mada zinampita, mitihani humwangusha, na kuanguka huko huwa sababu mpya ya kudhihakiwa. Baadhi huacha shule kabisa.

Tangu kuondolewa kwa ada katika elimu ya sekondari ya chini mwaka 2016, kikwazo kimojawapo kikubwa kilichokuwa kikiwazuia watoto wa familia maskini kimepungua. Ingekuwa hasara kubwa kwa kata yetu kama mtoto aliyefunguliwa mlango wa shule na taifa angefungiwa na wanafunzi wenzake.

Athari katika moyo na nafsi

Umri wa balehe ndio umri ambao kijana hujiuliza yeye ni nani, na jibu hulitafuta zaidi machoni mwa wenzake kuliko machoni mwa wazazi. Hii ndiyo sababu maneno ambayo mtu mzima angeyapuuza humchoma kijana hadi ndani. Anayeitwa kila siku kwa jina la dharau hatimaye huanza kuliamini. Hujiona hafai, huona haya kwa jambo ambalo si kosa lake, hujitenga, hukasirika upesi nyumbani na kuwapiga wadogo zake. Wengine hupoteza hamu ya chakula na ya michezo waliyoipenda. Wachache hufikia kukata tamaa ya kuishi.

Jambo hilo la mwisho lilizindua taifa zima la Norway. Mwishoni mwa mwaka 1982 wavulana watatu wa kaskazini mwa nchi hiyo walijitoa uhai, na ilionekana kwamba huenda uonevu mkali wa wenzao ndio uliowafikisha huko. Mwaka uliofuata serikali ya Norway ilianzisha kampeni ya kitaifa ya kupambana na uonevu shuleni. Tunalitaja tukio hilo kwa uzito wake ili kusiwe na mtu mzima atakayesikia kijana akisema “afadhali nife” akaichukulia kauli hiyo kuwa ya kitoto. Kijana akitamka hivyo asiachwe peke yake. Asikilizwe bila kukaripiwa, na afikishwe siku hiyohiyo katika kituo cha afya au kwa Afisa Ustawi wa Jamii.

Hofu huwafikia hata wasioguswa

Kuna athari moja ambayo haionekani katika daftari la matukio ya shule. Uonevu hauhitaji kumpata kila mtu ili kumtawala kila mtu. Mfano ulio karibu nasi ni wa wasichana na hedhi. Utafiti uliofanywa katika shule za sekondari za kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2020 uliwauliza wasichana kuhusu kudhihakiwa kwa sababu ya hedhi. Takribani asilimia 13 walisema yamewahi kuwapata. Lakini waliosema wanaogopa kudhihakiwa, hasa na wavulana wa darasa lao, walizidi asilimia 80.

Tuzitafakari namba hizo mbili. Msichana mmoja alichekwa, na wenzake wengi waliokuwa wakiangalia walijifunza kuogopa. Kutokana na hofu hiyo msichana hukaa nyumbani siku kadhaa kila mwezi, au hukataa kusimama mbele ya ubao, ingawa hakuna aliyemgusa. Kwa hiyo mwalimu anayesema “hapa kwetu matukio ni machache” amehesabu vicheko tu, hajahesabu hofu.

Jeraha linaloishi muda mrefu

Wapo wanaosema kwamba mateso ya shule humkomaza mtoto, na kwamba wao walipitia hayohayo wakawa watu wazima. Hoja hiyo imepimwa. Nchini Uingereza watafiti wamewafuatilia kwa miongo mingi watu waliozaliwa katika wiki moja ya mwaka 1958. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo yaliyohusu watu 7,771 miongoni mwao, ambao wazazi wao waliulizwa kuhusu kuonewa kwa watoto hao wakiwa na umri wa miaka 7 na 11. Walioonewa mara kwa mara utotoni walikuwa bado, katika umri wa miaka 50, wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata sonona na wasiwasi, afya zao zilikuwa duni zaidi, na mahusiano yao na watu pamoja na hali yao ya uchumi vilikuwa nyuma ya wenzao. Miaka 40 haikutosha kulifuta jeraha hilo kabisa.

Haina maana kwamba kila aliyeonewa ameharibikiwa. Wengi hupona, hasa wakipata mtu mzima mmoja wa kuwaamini na rafiki mmoja wa kusimama nao. Lakini wanapona kwa sababu ya msaada, si kwa sababu ya mateso.

Mwonevu na watazamaji

Kijana anayewaonea wenzake naye ni mtoto wetu, na naye yuko hatarini. Anajifunza kwamba nguvu ndiyo njia ya kupata heshima, na akizoea hivyo atalipeleka somo hilo katika ndoa yake na kazi yake. Baadhi yao wanarudia shuleni yale wanayotendewa nyumbani. Wengine walionewa walipokuwa Kidato cha Kwanza, na sasa wanalipiza kwa wasiohusika wakisema ni desturi ya shule. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kuzuiwa kwa uthabiti na kurudiwa kwa hekima. Kumpiga mbele ya gwaride humfundisha tena lilelile alilokuwa akiliamini, kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki.

Kundi la tatu ni kubwa kuliko yote, nalo ni la watazamaji. Watafiti wa Kanada waliorekodi kwa kamera michezo ya watoto wa shule mjini Toronto walichapisha matokeo yao mwaka 2001. Wanafunzi wengine walikuwapo katika karibu matukio tisa kati ya kila kumi ya uonevu. Walioingilia kati walikuwa wachache, ni katika takribani tukio moja kati ya matano. Lakini walipoingilia, katika zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde kumi. Mwonevu hutegemea kicheko cha hadhara, na hadhara ikikataa kucheka nguvu zake hupungua. Tunapowafundisha watoto wetu kusema “mwache”, kumwita mwalimu, au kumwendea aliyeonewa na kumwambia “twende pamoja”, tunawapa silaha isiyo na gharama.

Kwa nini hawasemi

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Vijana wengi wanaoonewa hunyamaza, na wana sababu zao. Wanaogopa kwamba mwonevu atalipiza kisasi. Wanaona haya, hasa wavulana walioambiwa tangu utotoni kwamba mwanamume halii. Wanahofia kwamba mzazi atafika shuleni akigomba mbele ya wanafunzi na kuzidisha aibu. Wapo pia waliowahi kusema wakajibiwa “na wewe umezidi”, “mpige na wewe”, au “hayo ni mambo ya kitoto”. Aliyejibiwa hivyo mara moja hasemi mara ya pili.

Kwa hiyo dalili ndizo zinazosema badala ya mtoto. Mzazi aangalie mambo yafuatayo, hasa yakionekana mawili au matatu kwa pamoja:

1. Kuchelewa au kukataa kwenda shule, au kubadilisha njia na kuchagua iliyo ndefu zaidi.
2. Maumivu yanayokuja siku za shule na kutoweka siku za mapumziko.
3. Nguo zilizochanika, michubuko, au vifaa vinavyopotea bila maelezo yanayoeleweka.
4. Kuomba pesa mara kwa mara, au kuichukua kwa siri, kwa sababu kuna anayemtoza.
5. Kurudi na njaa isiyo ya kawaida, kwa kuwa chakula chake kimeliwa na wengine.
6. Kushtuka au kuhuzunika simu inapoingiza ujumbe.
7. Kupoteza marafiki, kukosa usingizi, ndoto za kutisha, au kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekwisha kuacha.
8. Maneno ya kujidharau na kukata tamaa.

Dalili hizi zinaweza kuwa na sababu nyingine, ikiwamo ugonjwa au ukatili wa aina tofauti. Zinachodai ni kuulizwa kwa upole.

Mzazi afanye nini

Kwanza, asikilize. Mazungumzo ya njiani, shambani au wakati wa kuosha vyombo hufungua kinywa cha kijana kuliko mahojiano ya kukalishwa kitako. Badala ya kuuliza “nani amekupiga?”, anaweza kuuliza “wakati wa mapumziko huwa unakaa na nani?” au “ni sehemu gani ya shule usiyopenda kupita?”

Pili, amwambie wazi mambo mawili: kwamba anamwamini, na kwamba kosa si lake. Asimwahidi kwamba atatunza siri, maana huenda akalazimika kutafuta msaada. Amwahidi kwamba hatafanya jambo lolote bila kumweleza kwanza.

Tatu, aandike yaliyotokea: tarehe, mahali, waliohusika na walioshuhudia. Kama uonevu ni wa simu, ujumbe na picha zihifadhiwe zisifutwe, kwa kuwa ni ushahidi.

Nne, aende shuleni kwa utulivu, aonane na mwalimu wa darasa au mwalimu wa malezi na unasihi, kisha mkuu wa shule. Aulize hatua gani itachukuliwa na lini watakutana tena. Asiende kumkabili mtoto wa mwenzake njiani, wala asimfuate mzazi mwenzake kwa shari.

Tano, asimfundishe mtoto kulipiza. Aliye dhaifu akirusha ngumi huumizwa zaidi, na mara nyingi ndiye anayeonekana na mwalimu na kuadhibiwa.

Na mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe ndiye mwonevu? Asikimbilie kumtetea, wala asimvunje mifupa. Amuulize, amtake aseme ukweli, amwoneshe uchungu wa mwenzake, na arudishe kilichochukuliwa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Samaki hukunjwa angali mbichi.

Shule zifanye nini

Uzoefu wa Norway unatia moyo. Katika mji wa Bergen wanafunzi wapatao 2,500 walifuatiliwa kuanzia mwaka 1983 hadi 1985, shule zao zilipotekeleza mpango ulioandaliwa na Olweus. Matukio ya uonevu yalipungua kwa takribani nusu. Hatua zenyewe hazikuhitaji utajiri: wanafunzi waliulizwa kwa siri juu ya hali halisi, kila darasa liliweka kanuni chache dhidi ya uonevu na kuzijadili kila mara, walimu waliimarisha uangalizi wakati wa mapumziko, na yalifanyika mazungumzo ya dhati na mwonevu, aliyeonewa na wazazi wao.

Hatua hizo zinawezekana katika shule zetu. Sanduku la maoni linaweza kufunguliwa kila wiki na mwalimu anayeaminika. Mwalimu wa zamu anaweza kupita nyuma ya vyoo, bombani, na kwenye njia ya bweni, maana uonevu hupenda mahali ambapo watu wazima hawafiki. Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wanaweza kupokewa kwa kupewa kaka na dada wa kuwaongoza badala ya mabwana wa kuwatumikisha.

Suala la viranja linahitaji kutamkwa waziwazi. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinaelekeza kwamba adhabu hiyo hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe katika kitabu. Kiranja hana mamlaka ya kuchapa wanafunzi wenzake, kuwatoza pesa wala kuwapigisha magoti. Shule inayomwachia mamlaka hayo inaulea uonevu kwa mkono wake.

Jambo lingine ni mazoea ya “wapeane mikono yaishe”. Tumekwisha kusema kwamba uonevu si ugomvi. Kumlazimisha aliyeonewa amshike mkono aliyemwonea, mbele ya wote, na kumrudisha bila ulinzi katika darasa lilelile, ni kumwambia kwamba wazee wamemaliza kazi na yeye ajitegemee. Msamaha una nafasi yake, lakini uje baada ya usalama.

Sheria na huduma zilizopo

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila mwenye umri chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inakataza kumtendea mtoto ukatili au kumdhalilisha. Inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto katika maeneo yao, na inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za kuvunjwa kwa haki za mtoto azifikishe kwa mamlaka hizo. Kutoa taarifa, basi, si umbea. Ni wajibu. Nayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeharamisha kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza hisia.

Mkazi anayehitaji msaada anaweza kufuata njia hizi:

1. Shuleni: mwalimu wa malezi na unasihi, mkuu wa shule, na Dawati la Ulinzi na Usalama wa Mtoto pale lilipoanzishwa. Shauri lisiposhughulikiwa, lipelekwe kwa Bodi ya Shule au Kamati ya Shule.
2. Katani: Afisa Elimu Kata, Afisa Maendeleo ya Jamii, au Mtendaji wa Kata.
3. Wilayani: Afisa Ustawi wa Jamii, ambaye hutoa ushauri kwa kijana na familia na kufuatilia usalama wake.
4. Polisi: Dawati la Jinsia na Watoto, pale palipo na kujeruhiwa, kunyang’anywa kwa nguvu, vitisho vikubwa au udhalilishaji wa kingono. Mashauri ya namna hii hayamalizwi kifamilia wala kwa fidia ya mbuzi. Mwenye jeraha kubwa apelekwe kutibiwa mara moja, na fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, ishughulikiwe bila kuchelewa.
5. Simu: namba 116 ya huduma kwa mtoto, isiyo na malipo, inayopatikana saa 24. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Maswali ya kujadiliwa

Tunapendekeza maswali haya yatumike katika vikao vya wazazi, mikutano ya mitaa na vijiji, na katika nyumba za ibada:

1. Ni sehemu zipi za shule yetu, na za njia ya kwenda shuleni, ambazo watoto wanaogopa kupita, na nani anaweza kuzisimamia?
2. Mwanafunzi akiwa mtoro, je, tunamuuliza sababu kabla ya kumwadhibu?
3. Ni majina gani ya dharau tunayoyatumia sisi watu wazima mbele ya watoto wetu, nao wakayapeleka shuleni?
4. Mtoto aliyeonewa leo katika kata yetu angemwendea mtu mzima yupi kwanza, na mtu huyo angemjibu nini?

Swali hili la nne ndilo zito kuliko yote. Kata ambayo kila mtoto anaweza kulijibu kwa kutaja jina la mtu imekwisha kuanza kumlinda. Pale ambapo mtoto hana jina la kulitaja, tuanzie hapo, usiku wa leo, nyumbani kwetu.